Mota ya mashine ya kukereza: nataka kubadili spidi bila kuhamisha mkanda, ninunue kifaa gani?

SeremalaMoro
Habari zenu wakuu, naomba mawazo kabla sijatoa hela mfukoni. Nina karakana ndogo hapa Morogoro, kazi yangu kubwa ni miguu ya vitanda, stuli na nguzo za ngazi. Mashine ya kukereza ni ya kuchomelea, tumeitengeneza hapahapa, kichwa chake kina puli ya ngazi nne na mota ni 1 HP fezi moja ile yenye kapasita mgongoni, kibati kinasema raundi 1420 kwa dakika. Kwa miguu ya vitanda sina tatizo nayo kabisa.

Sasa nimeanza kupata oda za bakuli kubwa za mninga na mkongo, gogo lina inchi 14 na bado halijawa duara, nikiwasha hata kwenye ngazi ya taratibu kuliko zote linazunguka kwenye 700 hivi na mashine nzima inatembea sakafuni. Nikishalisawazisha nataka spidi iongezeke, nikifika kwenye msasa nataka ishuke tena, kwa hiyo ni kuzima, kufungua kava, kuhamisha mkanda, kufunga, kuwasha, siku nzima.

Kariakoo nimeona vitu viwili. Kuna kiregyuleta kidogo chenye nobu kimeandikwa 4000W, bei chee. Na kuna VFD (draivu ya kubadili spidi ya mota) ya 1.5 kW ambayo bei yake imesimama. Muuzaji ananiambia vyote vinapunguza spidi. Je kile cha bei chee kitanifaa? Na kama ni VFD, naunga tu kwenye hii mota niliyonayo? Umeme wangu ni fezi moja, LUKU ya kawaida.

FundiWaindi
Mkuu usinunue chochote kwanza, hata kimoja. Mimi nawaindi mota hapa Mwanza na hizi zinazokuja zimeungua kwa sababu ya viregyuleta ni nyingi sana, ndio maana nakuandikia kwa urefu.

Kile cha 4000W kinakata umeme, kinapunguza nguvu ya volti inayofika kwenye mota, basi. Mota yako haifuati volti, inafuata Hz ya umeme, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Umeme wetu ni 50 Hz, mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) kama yako sumaku yake inazunguka 1500 kwa dakika, na mota inaifukuzia kwa nyuma kidogo ndio unapata hiyo 1420. Ukikata volti Hz inabaki 50 ileile, kwa hiyo mota inang'ang'ania kwenda spidi ileile huku haina nguvu, inanguruma, inachemka, ukigusa mti na patasi inasimama. Kile kifaa ni cha mota za brashi, drili, grainda, blenda, huko kinafanya kazi vizuri tu.

VFD ni kitu kingine. Inachukua umeme wako wa fezi moja inaugeuza kuwa wa DC, kwa 230 yetu unapata kama 325 hivi ndani, halafu inaukatakata upya kuwa fezi tatu kwa Hz unayotaka wewe. Ukiiweka 25 Hz sumaku inazunguka 750, na volti inashuka pamoja na Hz kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inabaki. Hiki ndicho unachotafuta.

LAKINI sio kwa mota yako. Mota ya kapasita ina koili mbili, ya kufanyia kazi na ya kuanzia. Ile ya kuanzia ni kama mtu anayesukuma gari liwake, likishawaka anaachia, na kinachomwachisha ni swichi ya ndani inayofunguka mota ikifika karibu robo tatu ya spidi yake. Ukiiendesha taratibu kwa VFD ile swichi haifunguki, au inajifunga tena, koili ya kuanzia inabaki na umeme muda wote na haikutengenezwa kwa hilo. Itaungua. Na kapasita yenyewe ilipigiwa hesabu ya 50 Hz. Kuna draivu maalumu za fezi moja ila ni kwa mota za feni na pampu zenye kapasita ya kudumu, sio kwa mashine ya kukereza inayoanza na gogo zito.

Kwa hiyo swali lako la kwanza sio draivu gani, ni MOTA gani. Tafuta mota ya fezi tatu, hata iliyotumika, ambayo kibati chake kinaonyesha volti mbili, 230/400 au 220/380, na alama ya delta na sta (namna mbili za kuunganisha koili zake). Mota ndogo mpaka 3 kW nyingi ziko hivyo. Kuanzia 4 kW kwenda juu utakuta nyingi zimeandikwa 400/690, hizo achana nazo kabisa kwa sababu VFD inayoingiza fezi moja ya 230 inatoa fezi tatu za 230, haiwezi kutoa zaidi ya ilichopewa. Zipo zinazoingiza 220 na kutoa 380 ila bei inapanda na mahitaji yako hayafiki huko.

Mkerezaji_Mvita
Salaam ndugu yangu. Umeme amekueleza fundi na ameeleza sawa, mimi niongeze upande wa kazi yenyewe maana huku kwetu Mombasa kukereza ni kazi ya wazee, miguu ya vitanda vya samadari ilikerezwa kwenye keezo (mashine ya kukereza) la upinde kabla umeme haujafika mtaani.

Hesabu tunayotumia ni hii, chukua kipenyo cha mti kwa inchi, zidisha kwa spidi, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Bakuli lako la inchi 14 ni kama 430 mpaka 640 likiwa limeshakuwa duara. Gogo bichi ambalo halijasawazika nenda chini zaidi, anza 250 au 300 na usione aibu kukaa hapo mpaka litulie. Mguu wa kitanda wa inchi 3 unaenda 2000 mpaka 3000. Sasa angalia umbali uliopo kati ya 250 na 3000, hakuna draivu itakayokufunikia yote hayo kwa puli moja na mota ikabaki na nguvu na ubaridi, kwa hiyo TAFADHALI usitupe zile puli zako. Watu wakishapata nobu wanaona puli ni ushamba, wanafunga moja ya katikati, halafu wanalalamika mota inakwama kwenye bakuli.

La pili, na hili naliomba ulishike: chaki yako ya meno manne (kile chuma kinachoushika mti), au ile sahani ya kufungia, imeshikwa kwenye shafti kwa nyuzi tu? Kama ni nyuzi tu basi VFD isiwekwe kusimamisha mashine ghafla. Mashine inasimama, bakuli la kilo kadhaa halitaki kusimama, linajifungua lenyewe na kuruka. Hivyo hivyo kuzungusha kinyume wakati wa msasa, usifanye mpaka chaki iwe na skrubu ndogo ya kubana pembeni. Na usimame pembeni unapowasha, na ngao ya uso iwe usoni, si juu ya kichwa.

KaziNaMbao254
Niko Nairobi, mimi nilienda njia tofauti na naipendekeza kama bajeti ni kidogo. Kuna mota za zile mashine za kukimbilia za jimu, zikiharibika mkanda ama skrini watu wanaziuza kwa bei ya vyuma. Ni mota ya DC ya sumaku ya kudumu na inakuja na bodi yake ya spidi, unapata nobu kutoka sifuri mpaka mwisho bila kununua VFD. Yangu nakerezea vinu vidogo, vijiti vya kukorogea na bakuli za saladi, nafurahia sana.

Ila kuna mambo ya kujua. Ile HP imeandikwa pale usiiamini, imepimwa kwa spidi ya juu sana 4000 na zaidi, wewe ukiizungusha taratibu hupati hiyo nguvu, kwa hiyo lazima puli ndogo kwa mota na kubwa kwa shafti. Gurudumu zito la mbele lina nyuzi za kinyume kwa nyingi, angalia kabla hujalazimisha. Feni yake inavuta hewa kupitia ndani ya mota yenyewe na vumbi la mbao linaingia kwa brashi, so inabidi ujenge kiboksi ipate hewa safi. Na bodi nyingi hazijatengwa na umeme wa ukutani, zile waya za nobu ziko na umeme kamili wa kuua, nobu iwe ya plastiki na usiguse kitu kama imechomekwa.

FundiWaindi
@KaziNaMbao254 umesema kweli yote, na mimi sina ubishi na mota za jimu kwa bakuli la inchi 8 au 10. Kwa gogo la inchi 14 la mkongo kila siku, mota ya brashi kwenye karakana yenye vumbi naona itampa kazi ya kubadilisha brashi na kupuliza bodi mara kwa mara. Mota ya fezi tatu imefungwa kila upande, feni iko nje, ndani hakuna kinachosuguana zaidi ya beringi.

mzee_wa_puli
Vijana naona mnamjaza gharama. Kwa nini asifunge shafti ya kati? Mota yake hiyohiyo ya 1 HP, mkanda wa kwanza kwenda shafti ya kati yenye puli ndogo na kubwa, mkanda wa pili kwenda kichwani. 1420 inashuka mpaka 250 bila shida na nguvu haipotei, tena inaongezeka, maana ukipunguza spidi kwa puli nguvu ya kuzungusha inapanda, ukipunguza kwa draivu inabaki palepale. Vyuma vyenyewe vinapatikana kwa mafundi wa kuchomelea. Na huko kwetu Njombe umeme ukiyumba shafti ya kati haiandiki makosa kwenye skrini.

FundiWaindi
Mzee shikamoo. Hoja yako ina nguvu na nakubaliana nayo kwa mtu ambaye umeme wake unashuka sana au hela hamna kabisa, VFD volti ikishuka inajizima kweli. Na hilo la nguvu ya kuzungusha ni sahihi asilimia mia, ndio maana @Mkerezaji_Mvita anasema puli zibaki. Tofauti ni kwamba kijana anataka kubadili spidi mti ukiwa unazunguka, atafute pale ambapo mtikisiko unaisha. Gogo lina spidi yake linapotetemeka, ukiongeza au kupunguza raundi 40 tu linatulia, hicho puli haziwezi kukupa.

SeremalaMoro
Aisee asanteni sana, mzee shikamoo, kaka wa Mombasa nashukuru kwa hiyo hesabu nimeibandika ukutani. Chaki yangu ni nyuzi tu, nitaiwekea skrubu.

Leo nimepita kwa wauza vyuma chakavu nimekuta mota mbili za fezi tatu. Ya kwanza ni 2.2 kW, imeandikwa 380V na alama ya sta tu, 5.0 A, 1420, zinatoka waya tatu. Ya pili ni 1.5 kW, 230/400V, delta na sta, 6.1/3.5 A, 1410, kiboksi kina bolti sita. Ya kwanza anauza rahisi kuliko ya pili na ni kubwa, moyo unanivuta huko. Nichukue ipi? Na VFD niliyoiona ya 1.5 inatosha? Soketi yangu ni ya kawaida ya 13 A. Alafu hii mota yangu ya kapasita haiwezi kuwaindiwa iwe ya fezi tatu?

FundiWaindi
Chukua ya pili. Nakueleza kwa nini ili usirudi kwa ile ya rahisi kesho.

Ile ya waya tatu imefungwa sta ndani kwa ndani kwa ajili ya 380. Ukiipa 230 ya VFD, itakuwa na nguvu kamili mpaka kwenye 30 Hz hivi, hapo volti imeisha, na kuanzia hapo kwenda juu inalegea, yaani 2.2 yako inafanya kazi kama 1.3. Fundi mzuri anaweza kuifungua, akaitafuta ile nyota ndani, akatoa ncha zote sita nje, ukaifunga delta kwa 220. Ila hapo ampea inakuwa 5 mara 1.73, karibu 8.7, VFD ya 1.5 kW inayotoa kama 7 haitoshi, unahitaji ya 2.2, na hiyo inavuta zaidi ya ampea 20 kwenye fezi moja. Rahisi yote imeishia hapo.

Ya 1.5 kW funga delta, vile vibati vitatu vya shaba visimame wima kila kimoja kiunganishe bolti ya juu na ya chini, inakula 6.1, VFD ya 1.5 inatosha na inabaki na nafasi. Ukilinganisha VFD dukani usiangalie kW kwanza, angalia AMPEA inayotoa iwe juu ya ampea ya kibati cha mota. Na uhakikishe imeandikwa inaingiza fezi moja. Ukiuziwa ya 380 ukaipa 230 itawaka skrini na kuandika volti haitoshi, haitazungusha kitu.

Soketi ya 13 A hapana. VFD ya 1.5 kW ikifanya kazi kamili inavuta kama 14 mpaka 16 upande wa kuingia, hailingani na mota ya kawaida, kwa sababu inavuta kwa mikupuo. Vuta laini yake peke yake, waya wa mm² 2.5 kama ni karibu, 4 kama ni mbali, breka ya 20 A. Ethi lazima, ya kweli, sio ya kufunga kwenye bomba. Kama una ile breka ya kuzuia shoti ya mtu na inatripu ukiwasha VFD usiitoe, VFD zinavujisha kidogo kwenda ethi, muulize fundi umeme akuwekee aina inayofaa kwa draivu.

Mota yako ya kapasita kuwaindi iwe fezi tatu inawezekana, stata (sehemu ya koili isiyozunguka) yenye nafasi 24 au 36 inagawanyika vizuri, mimi nimezifanya. Ila shaba ni bei na tayari umepata mota yenye kibati sahihi, iache hiyo ikazungushe msumeno.

Sasa mipangilio. Ingiza kwanza ampea ya kibati ndani ya VFD, hiyo ndiyo inayoilinda mota, watu wengi wanairuka. Hz ya chini weka 15 au 20, ya juu 75. Usiende 100 kwa sababu tu inaruhusu, juu ya 50 nguvu ya kuzungusha inapungua kadiri unavyopanda. Muda wa kuanza weka sekunde 6 mpaka 8, wa kusimama 10 au zaidi. Ukiweka kusimama kwa sekunde 2 gogo zito linageuka kuwa jenereta, linarudisha umeme ndani ya VFD, itajizima yenyewe iandike volti imezidi, na chaki ndio kama alivyosema kaka wa Mombasa. Kama ina chaguo la vekta bila sensa (VFD inaisoma mota yenyewe na kuipa nguvu ikiwa taratibu) liwashe, na uiache ijipime mota yenyewe, chini ya 25 Hz utaona tofauti kubwa ukisukuma patasi.

Kwa puli, tumia ngazi mbili tu. Moja inayopunguza nusu, 1410 inakuwa kama 700, ukicheza kati ya 20 na 75 Hz unapata 280 mpaka 1050, hiyo ni ya bakuli. Nyingine inayozidisha mara moja na nusu, unapata 850 mpaka 3150, hiyo ni ya miguu ya vitanda. Usikereze kwa nguvu muda mrefu chini ya 20 Hz, feni ya mota iko kwenye shafti yake, ikienda taratibu haipulizi, mota inachemka hata kama ampea ni ndogo.

cherehani_na_mbao
Niongezee kidogo tu kwa wanaosoma wenye mashine ndogo. Kama kazi ni peni, vifungo, shanga za mpingo, kuna mota za sevo za cherehani za viwandani, 550W au 750W, zinakuja na kiboksi cha spidi na zinachomekwa fezi moja moja kwa moja. Kwa bakuli la inchi 14 hazifai, zikipata mzigo mzito taratibu zinakwama. Ila kwa vitu vidogo ni kimya na umeme zinakula kidogo. Na mpingo vumbi lake linawasha ngozi na kifua, barakoa muhimu.

Mkerezaji_Mvita
Swali kwa fundi kabla hatujamaliza, VFD aiweke wapi? Karakana ya mbao kila kitu kinameza vumbi.

FundiWaindi
Swali zuri kaka. Hizi za kawaida ziko wazi, zina feni ndogo inayovuta vumbi la mbao moja kwa moja juu ya bodi, na vumbi likipata unyevu wa masika linapitisha umeme. Zipo zilizofungwa kabisa zisizoingiza vumbi wala maji, bei ni kubwa lakini ndizo zinazofaa karakana. Kama ni ya wazi, iweke kwenye boksi la chuma kubwa kuliko unavyodhani, nafasi ya sentimita 10 juu na chini, tundu la chini liwe na filta ya spoonji unayoweza kuitoa na kuipuliza. Au iweke upande wa pili wa ukuta na uvute waya, lakini waya kutoka VFD kwenda mota usiwe mrefu sana na uwe ule wenye wavu wa chuma uliofungwa ethi.

Na hakuna swichi wala kontakta kati ya VFD na mota. Ukikata pale mota ikiwa inazunguka unaweza kuua VFD. Kuwasha na kuzima kunafanyika kwa zile terminali ndogo za kontroli, weka swichi ya kubonyeza, nobu ya kiloomu 10 au 5 kulingana na kitabu chake, na kitufe chekundu cha dharura mahali ambapo mkono unafika hata ukiwa umeinama kwenye bakuli. Kitufe hicho unaweza kukiweka kwenye kijisanduku chenye sumaku ukakihamisha kulingana na kazi.

Ukizima na ukataka kufungua kava, subiri kwanza, ndani kuna kapasita zinazobaki na ile 325 muda baada ya kuzima. Kitabu kitakuambia dakika ngapi, mimi nasubiri 10 halafu napima kwa mita ndio nagusa.

mzee_wa_puli
Hapo kwenye kitufe chekundu nakuunga mkono kijana.

SeremalaMoro
Nimeielewa yote. Mota ya 1.5 nimeshailipia advansi, Jumamosi naichukua, nimeizungusha kwa mkono beringi ya mbele inasikika mchanga kidogo. VFD nitaenda Kariakoo na karatasi yenye ampea nimeandika 7 kwenda juu, kuingiza fezi moja. Fundi ile beringi nibadilishe sasa au niitumie kwanza nione?

FundiWaindi
Badilisha kabla hujaifunga, zote mbili, mbele na nyuma. Soma namba pembeni ya beringi, mota za ukubwa huo mara nyingi ni 6205 lakini usinunue kwa kukisia, na chukua zenye mpira pande zote mbili ili vumbi lisiingie. Wakati iko wazi mwambie fundi apime koili kwa mega (mita ya kupima kama umeme unavuja), kila koili kwenda bodi, na koili kwa koili kabla hajafunga vile vibati vya delta. Ikionyesha chini ya megaomu 1 ikaushwe na ipakwe vanishi kwanza. Ukimaliza nitumie picha ya kiboksi cha waya kabla hujawasha.